Kifungu cha 154 kinamlinda nani hapa Dar?

Mtu wa Temeke:

Wakuu, salaam.

Najua nitatukanwa, kwa hiyo niwaokolee muda. Mimi si mmoja wao, nina mke na watoto, hakuna ubalozi unaonilipa, na hata ungekuwa unanilipa hoja ingebaki palepale. Kazi yangu ni usaidizi wa kisheria. Ni hawa mnaowakuta kwenye vyumba vidogo jirani na ofisi ya serikali ya mtaa, wakiandikia watu barua za mirathi, talaka na madai ya mshahara. Leo sitaki tubishane kama ushoga ni mzuri au mbaya, kila mmoja ana dini yake na malezi yake. Nataka tukiangalie kifungu cha 154 cha Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, tuone kinafanya nini mitaani kwetu.

Wengi wanakitaja, wachache wamekisoma. Kimekusanya makosa matatu mahali pamoja: kumwingilia mtu yeyote kinyume cha maumbile, kumwingilia mnyama, na kumruhusu mwanaume akuingilie namna hiyo. Adhabu ni kifungo cha maisha, na kwa vyovyote vile isipungue miaka 30. Kujaribu tu, kifungu cha 155, ni miaka 20 kwenda juu. Halafu kipo cha 157, kuhusu vitendo vya aibu baina ya wanaume, hadharani au faraghani, mpaka miaka 5. Hayo ni ya Bara. Zanzibar wana sheria yao, na 2004 waliirekebisha wakawaingiza na wanawake.

Rudini kwenye hayo maneno "mtu yeyote". Hakuna palipoandikwa mwanaume na mwanaume. Mume na mke wa ndoa halali, iliyofungwa msikitini au kanisani, wakifanya kitendo hicho chumbani kwao Mbezi, wote wawili wana kesi ya miaka 30. Wangapi humu wanaokishangilia hiki kifungu wako salama? Msinijibu.

Linganisheni sasa. Watu wamegombana baa, mmoja karusha ngumi, mwenzake kaanguka kafa. Hiyo ni kuua bila kukusudia. Adhabu yake inaweza kufika maisha, lakini kima cha chini hakuna: jaji anapima mazingira, anaweza kutoa miaka mitano, anaweza kutoa mitatu. Ila watu wazima wawili waliokubaliana, hakuna aliyelia, hakuna aliyekwenda kulalamika popote, hapo jaji haruhusiwi kushuka chini ya 30.

Najua mtasema ni mila zetu. Mila gani? Mjerumani alikuja na kifungu chake cha 175. Mwingereza alipokabidhiwa Tanganyika baada ya Vita ya Kwanza akatuletea Kanuni ya Adhabu ya India ya 1860, yenye kifungu cha 377, kisha akatuandikia kanuni ya kwetu, hii inayohesabiwa tangu 1945. Babu zetu hawakuulizwa. Wakati huo kikomo kilikuwa miaka 14. Waliokipeleka 30 hadi maisha ni sisi wenyewe, kwa Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya 1998. Sheria ile ina mema mengi, ndiyo iliyofanya kukeketa mabinti wadogo kuwa jinai na ikawabana wabakaji. Nadhani wabunge walipandisha adhabu zote kwa mkupuo, bila kumtenganisha anayelazimisha na wanaokubaliana. Mwingereza mwenyewe alishaachana nayo 1967 kwa England na Wales. India, ilikotoka nakala yetu ya kwanza, Mahakama Kuu yao ya juu kabisa ilikiondolea nguvu kifungu cha 377 kwa watu wazima wanaoridhiana tarehe 6 Septemba 2018. Tumebaki tunalinda mali ya watu walioitupa.

Na sisi wa uswahilini tusijitie usahaulifu. Mtaani kila mtu alikuwa anamjua yule anayepamba bibi harusi, anayepika kwenye shughuli, anayekaa na akina mama kwenye ngoma. Alisengenywa, alitaniwa, pengine vibaya. Lakini nani aliwaza kumpeleka Ukonga miaka 30?

Nije kwenye ninayoyaona kazini. Kijana anachati na mtu mtandaoni, wanakubaliana kukutana gheto, tuseme Tandika au Buguruni. Kabla hajakaa sawasawa mlango unapigwa teke, wanaingia wengine. Simu inarekodi. Anavuliwa nguo apigwe picha. Anaambiwa tuma laki tano sasa hivi, la sivyo tunaita polisi na video anaipata baba yako na bosi wako. Anatuma. Baada ya wiki wanarudi. Anauza simu, anakopa kausha damu, anarudisha pikipiki ya mkataba kwa mwenyewe. Akijipa moyo aende kituoni, swali la kwanza ni "ulifuata nini huko?" Mlalamikaji kageuka mtuhumiwa. Mmoja aliyekuja kwangu alilala sero kwa kosa la kuibiwa, akatoka baada ya ndugu kutoa chochote. Wale waliomwibia wapo, wanasubiri mwingine.

Wala msidhani ni wao peke yao. Wapo vijana wawili waliopanga chumba kimoja ili wagawane kodi, mwenye nyumba akawataka watoke, hawakutoka, kesho yake mtaa mzima unasema ni wapenzi. Ukiwa na ugomvi na mtu na huna cha kumshitakia, hiki kifungu kinakungoja. Kubambikiwa kesi ya wizi kunahitaji walau kitu kilichopotea. Hapa panahitaji maneno tu.

Waingereza waliyaona haya mapema. Kifungu chao cha 1885 kilibandikwa jina la hati ya watishaji, kwa jinsi matapeli walivyokipenda. Tume yao ya Wolfenden ilipokaa, ikatoa taarifa 1957 ikisema yanayofanyika faraghani baina ya watu wazima si kazi ya sheria ya jinai. Ilichukua miaka 10 wanasiasa wao kupata ujasiri. Kwa hiyo siwaambii Watanzania wabadilike leo usiku.

Mnakumbuka mwishoni mwa Oktoba 2018, Mkuu wa Mkoa wa wakati ule, Paul Makonda, alipotangaza kikosi cha kuwasaka na kuwataka wananchi wamtumie majina? Zilimiminika jumbe kwa maelfu. Tarehe 4 Novemba Wizara ya Mambo ya Nje ikatoa tamko kwamba yale ni mawazo yake binafsi, si msimamo wa serikali. Yaani serikali yenyewe iliona aibu kutekeleza kwa sauti sheria iliyo kwenye vitabu vyake. Lakini zile siku chache watu walihama vyumba usiku, Sinza, Kinondoni, Manzese, wengine kwa sababu tu ya sauti zao au mwendo wao.

Ibara ya 16 ya Katiba inampa kila mtu hifadhi ya nafsi yake, maisha yake binafsi na unyumba wake. Ibara ya 12 inasema kila mtu anastahili kuthaminiwa utu wake. Haijaandikwa "isipokuwa fulani".

Swali langu ni hilo la kichwa cha uzi. Nani analindwa? Leteni hoja.

Chuma cha Pua:

Nimefika "si mmoja wao" nikacheka nikaacha. Mods ondoeni huu uchafu watoto wanasoma.

Kahawa Chungu:

Ngoja nivute kigoda. Huu uzi utafika kurasa mia.

Ustadhi wa Magomeni:

Ndugu yangu Mtu wa Temeke, assalaam alaykum. Umeandika kwa adabu, nami nitakujibu kwa adabu. Kitendo cha kaumu Lut ni haramu, hakuna khitilafu ya wanazuoni katika hilo. Dola ikiruhusu, imeshiriki. Wewe ni Muislamu kwa maandishi yako, utasema nini mbele ya Mola wako?

Mtu wa Temeke:

Waalaykum salaam ustadhi, na nakushukuru kwa upole wako.

Kwenye uharamu sina ubishi nawe. Lakini tazama haramu ngapi zipo mjini hapa ambazo dola haizigusi. Pombe inauzwa na kulipiwa kodi. Nguruwe anachomwa hadharani Sinza, na foleni ipo. Zinaa ya mke wa mtu si kosa la jinai katika Kanuni ya Adhabu ya Bara, ukimfumania mkeo kesi yako ni ya madai na talaka. Riba ndiyo usiseme, kuna majengo marefu Posta yamejengwa nayo. Umewahi kusikia mtu anasema dola imeshiriki? Mbona dini tunaikumbuka kwenye hili moja?

Halafu dini yenyewe imeweka milango. Surat Hujurat aya ya 12 imekataza kupelelezana. Surat Nur aya ya 4 imeweka mashahidi wanne, na anayesingizia bila kuwaleta anapigwa viboko themanini. Nani kati ya waliotuma majina 2018 alikuwa na mashahidi wanne? Wewe unakijua kuliko mimi kile kisa ambacho masheikh wetu hukisimulia, cha Sayyidna Umar aliyeparamia ukuta wa mtu usiku akamkuta anakunywa. Yule mtu akamwambia mimi nimekosa moja, wewe umekosa matatu: umepeleleza, umeingia si kwa mlango, na hukutoa salamu. Umar akamwacha. Khalifa, na kosa amelishuhudia kwa macho yake!

Ustadhi wa Magomeni:

Kisa nakijua. Lakini Umar hakusema pombe ni halali.

Mtu wa Temeke:

Sawasawa kabisa. Wala mimi sijasema.

Mama Wawili:

Mimi sijasoma sheria. Nina watoto wawili wa kiume, mmoja yuko shule ya bweni. Kila siku tunasikia watoto wanalawitiwa, na walimu, na wajomba, na makonda wa daladala. Nyie mnaotaka kifungu kifutwe mmewahi kufikiria sisi akina mama? Kikifutwa atafungwa kwa kipi huyo mnyama? Naomba jibu la kueleweka, si la kisomi.

Mtu wa Temeke:

Dada, hili ndilo swali zito kuliko yote humu, na sitalipita juu juu.

Anayemlawiti mtoto afungwe, na afungwe sana. Hakuna mtu mwenye akili anayedai vingine. Mtoto chini ya miaka 18 hawezi kuridhia, nukta. Na mtu mzima aliyelazimishwa ni hivyohivyo. Kila nchi iliyoondoa adhabu kwa watu wazima imebakiza, na nyingine zimeongeza, adhabu ya anayemgusa mtoto au anayetumia nguvu.

Lakini tazama kifungu chetu kinavyomtenda mtoto wako. Kumbuka kile kipengele cha tatu: anayemruhusu mwanaume amwingilie naye ana kosa. Mchukue kijana wa miaka 19, bado yuko kidato cha sita, kalazimishwa na mtu mwenye madaraka juu yake. Anataka kwenda kuchukua PF3, ile fomu ya polisi ya kwenda nayo hospitali. Anajua neno moja likieleweka vibaya pale kaunta, mfano kwamba hakupiga kelele, au aliwahi kupokea zawadi, yeye mwenyewe anakuwa mshirika kwenye kosa la miaka 30. Atasema? Hasemi. Na yule mtu anajua kwamba hasemi, ndiyo maana anaendelea na wa pili na wa tatu. Kijana akija kwangu na habari kama hiyo, baba yake huwa anasema tuyamalize kifamilia, aibu hii isitoke nje. Nimeyasikia hayo mara nyingi kuliko ninavyopenda kukumbuka.

Kwa hiyo dada, kama lengo ni watoto, tuandike sheria inayomtaja mtoto na inayotaja nguvu, kwa maneno ya wazi, na mlalamikaji ajue hata siku moja hatageuziwa kibao. Hao polisi wanaokesha kutafuta nani kalala na nani Kinondoni wapelekwe mabwenini na kwenye madrasa na kwenye nyumba za ndugu, huko ndiko wanakoumizwa watoto.

Mama Wawili:

Hapo kwenye kusema kifamilia umenigusa. Jirani yangu lilimkuta. Mtoto alihamishwa shule, mtu yupo mpaka leo anauza duka. Mengine bado sijakubali.

Nesi wa Zamu:

Nimekuwa msomaji tu, leo naandika. Nafanya kazi kwenye kliniki, siitaji.

Mwaka 2016 serikali ilipiga marufuku kugawa vilainishi, na Februari 2017 ikafunga vituo vipatavyo 40 vilivyokuwa vinatoa huduma za VVU kwa watu hawa, ikasema wahudumiwe hospitali za kawaida. Kwenye karatasi inasomeka vizuri. Kwenye chumba cha daktari ni kitu kingine. Mtu anakuja na kisonono cha njia ya nyuma anasema ana vidonda vya tumbo. Unamwandikia dawa ya tumbo! Anarudi baada ya miezi hali imekuwa mbaya, au harudi. Hawezi kusema, kwa sababu akisema anajikiri kosa mbele ya mtumishi wa serikali.

Sasa nyinyi wanaume mnaosema wafe tu, mnasahau hawa watu wanaishi na nani. Wengi wameoa. Wameoa kwa sababu familia zimewasukuma, ili maneno yaishe. Mama anakuja kliniki ya wajawazito anapimwa anakutwa nayo, analia hajui imetoka wapi, hajawahi kutoka nje ya ndoa. Mimi najua, na siruhusiwi kumwambia. Hicho kifungu chenu hakikumlinda huyo mama. Kilimficha mumewe asije mapema.

Na jambo jingine ambalo halizungumzwi. Polisi wanamleta mtu apimwe njia ya haja kubwa eti kupata ushahidi. Kitaalamu kipimo hicho hakithibitishi chochote. Chama cha Madaktari cha Dunia kilikilaani 2017, na Mahakama ya Rufani ya Kenya iliyokaa Mombasa, Machi 2018, ilisema kumlazimisha mtu kipimo hicho ni kinyume cha Katiba yao. Mtu anainamishwa mbele ya askari. Niliwahi kukataa kushika taa. Nikaitwa ofisini.

Kahawa Chungu:

Nesi umenitoa kwenye kigoda.

Mzalendo Kindakindaki:

Zote hizi ni ajenda za mabeberu. Cameron, waziri mkuu wa Uingereza, 2011 alitutishia misaada na marehemu Membe, waziri wetu wa mambo ya nje wakati huo, akamjibu kiume kwamba hatuuzi utu wetu. Sasa wamebadili mbinu wanatumia "wasaidizi wa kisheria" na "manesi". Uganda wameonyesha njia 2023 kwa sheria yao dhidi ya ushoga. Afrika tuige Uganda.

Mtu wa Temeke:

Mzalendo, kwenye Cameron niko upande wako kwa nusu. Yale maneno yalituharibia. Mtu akikuambia mpende jirani yako nitakupa hela, hata uliyekuwa unampenda utamkasirikia. Tangu siku hizo kila anayezungumzia huruma anaulizwa amelipwa shilingi ngapi, kama ulivyoniuliza hapa. Wanaotishia misaada wanapanda ndege wanarudi kwao, anayepigwa mawe ni kijana wa Mbagala.

Ila beberu huyo huyo ndiye aliyeleta kifungu. Huwezi kuubeba mzigo wake wa 1945 ukasema unampinga beberu.

Uganda unaisifu, umeisoma? Ndani yake walimlazimisha raia kumripoti jirani yake na wakambana mwenye nyumba anayepangisha. Mahakama yao ya Katiba, tarehe 3 Aprili 2024, iliacha sehemu kubwa ya sheria isimame pamoja na adhabu ya kifo, lakini hivyo viwili hata yenyewe ilivifuta. Unataka mjumbe wako wa nyumba kumi awe na kazi hiyo? Mjumbe huyu tunayemjua?

Dereva wa Masafa:

Mzalendo nakuheshimu ila ngoja mimi nisiyesoma nikwambie ninachokiona barabarani. Nimeendesha lori Dar mpaka Kigali, Dar mpaka Lubumbashi, na kusini nimevuka Daraja la Umoja pale Mtambaswala kuingia Msumbiji. Nchi zote tatu hizo hazifungi mtu kwa jambo hili. Rwanda 2009 kulikuwa na pendekezo la kuweka adhabu, wakaliacha. Kongo hawana kifungu. Msumbiji waliondoa cha Mreno kwenye kanuni yao mpya ya 2015. Majirani zetu wako wanane, watatu hawana. Wanyarwanda ni wazungu? Ukishuka Rusumo ukaingia kule unakuta misa Jumapili, harusi Jumamosi, mahari ng'ombe, kila kitu. Sijaona wanaume wanaoana barabarani. Sijaona mabadiliko yoyote, kusema kweli, zaidi ya kwamba trafiki wao hawaombi hela.

Hao mashoga hata siwapendi. Utingo wangu mmoja alikuwa hivyo, nikamshusha Morogoro. Lakini kumpa mtu miaka 30, mzee, mimi nimekaa Segerea mahabusu kwa ajali, najua siku moja kule ina urefu gani.

Mtu wa Temeke:

Dereva nakuongezea: Afrika Kusini mahakama iliondoa 1998, Shelisheli bunge 2016, Angola kanuni mpya iliyoanza 2021, Morisi Mahakama ya Juu Oktoba 2023. Botswana ndiyo inanivutia zaidi. Kesi ilifunguliwa na mwanafunzi wa chuo kikuu. Juni 2019 Jaji Leburu na wenzake wakakubaliana naye, serikali ikakata rufaa, Novemba 2021 ikashindwa. Hoja kubwa ya majaji ilikuwa utu na faragha, maneno yaleyale yaliyomo kwenye Katiba yetu. Mpaka leo Botswana hawana ndoa za jinsia moja na makanisa yamejaa.

Sitawaficha kwamba upepo unavuma pande zote. Mahakama Kuu ya Kenya 2019 ilivibakiza vifungu vyao. Malawi 2024 vivyo hivyo. Burkina Faso hawakuwa na adhabu, 2025 wakaiweka.

Chuma cha Pua:

Nimerudi nimesoma yote. Sema wazi basi, mwisho wa safari ni nini? Leo msifungwe, kesho muoane, keshokutwa mfundishe shuleni. Tunawajua.

Mtu wa Temeke:

Karibu tena mkuu. "Msifungwe" umenijumuisha, haya.

Ninachotaka kiko kwenye uzi, hakuna kurasa za siri. Watu wazima waliokubaliana faraghani wasiwe na kesi. Ndoa ina sheria yake ya 1971 na inasema ni ya mwanaume na mwanamke, sijaigusa. Mtaala una wizara yake. Ukitaka kupinga hayo siku yakiletwa, utapinga, ni haki yako. Lakini huwezi kumfunga mtu leo kwa kitu ambacho mtu mwingine labda atakidai kesho.

Na kuvumiliana sikuombi umpende. Unaweza kumkataa asioe kwako, usimwalike kwako, umhubirie kila Ijumaa. Umvumilie maana yake tu usimvunjie mlango.

Mkatoliki wa Kigogo:

Niongeze la kwetu. Januari 2023 Papa Fransisko alihojiwa na shirika la habari akasema kuwa na hali hiyo si jinai, na zile sheria si za haki. Kisha akajiwekea pingamizi mwenyewe kwamba ni dhambi, akajibu tutofautishe kwanza dhambi na jinai. Siku chache baadaye, ndani ya ndege wakitoka Sudan Kusini, Askofu Mkuu wa Canterbury na kiongozi wa Kanisa la Scotland waliokuwa naye wakasema wanaungana naye. Miezi kumi na moja baadaye maaskofu wa Afrika walikataa kubariki wapenzi wa jinsia moja, na mimi naona walikuwa sahihi. Mambo hayo mawili yanakaa pamoja kichwani mwangu bila shida. Paroko wangu anakataa kubariki vitu vingi na hajawahi kumwita polisi.

Ustadhi wa Magomeni:

Mkatoliki, hapo angalau tumekutana.

Wakili Mchanga:

Mtu wa Temeke, nimemaliza shule ya sheria juzi, naomba tuzungumze utaratibu. Ibara ya 30 inaruhusu haki kuwekewa mipaka kwa maslahi ya umma na maadili, serikali itasimama hapo. Pili, nani atafungua hiyo kesi? Mabadiliko ya 2020 kwenye sheria ya kutekeleza haki za msingi, Sura ya 3, yanamtaka mwombaji aoneshe yeye binafsi ameathirikaje. Zamani ungeenda kwa niaba ya umma.

Mtu wa Temeke:

Wakili, umegusa penyewe. Ibara ya 30 inajibika: mpaka unaowekwa lazima ulingane na madhara yanayozuiwa, na hapa serikali italazimika kumwonesha jaji nani ameumizwa na watu wawili waliofunga mlango wao. Ugumu uko kwenye hilo la pili. Mwombaji anatakiwa aape kwa maandishi kwamba kifungu kinamgusa, na kuapa hivyo ni kukiri. Ndiyo maana kesi haipo. Mwaka 2017 mwezi Oktoba watu 13, wakiwemo mawakili kutoka Afrika Kusini, walikamatwa kwenye hoteli hapa hapa Dar walipokuwa wanajadili tu namna ya kwenda mahakamani kuhusu kufungwa kwa vile vituo alivyovitaja Nesi.

Mimi nafikiria wanandoa. Mume na mke, wana cheti, "mtu yeyote" ya kifungu inawahusu. Wakisimama wao, serikali itabidi ieleze kwa nini ina shughuli na kitanda cha ndoa, na kelele za mabeberu zitakosa pa kushika. Tatizo ni kumpata mwanaume wa Dar atakayeapa hivyo na jina lake likatoka gazetini.

Njia nyingine ni Tume ya Kurekebisha Sheria. Hapo huhitaji kuapa chochote, unaandika maoni. Ningeanza na dogo: ile miaka 30 ya kima cha chini iondoke kwa watu wazima, na kile kipengele cha "anayemruhusu" kisimguse aliyelazimishwa. Wakili, kama una jioni moja wiki hii tukae tuyaandike. Mama Wawili, tutakuhitaji kwenye hilo la pili.

Mama Wawili:

La pili nipo. La kwanza mtanisamehe.